Wanja kwenye Kibao

Vuli ile karafuu zilikuja kwa wingi,
majamvi yametandikwa mpaka kibarazani,
na Mama hakutaka kwenda popote.
"Nani atazianua ikinyesha?"
Bi Riziki yupo, Shaame akasema.
"Bi Riziki ana zake."
Tukamwahidi saa mbili tu,
tukamwahidi kivuli, maji baridi, choo kisafi.
Mwisho Raya, wa miaka sita, akamshika kidole,
naye akavaa buibui lake la kutokea.

Bustani iko kilimani, juu ya Mtambile.
Njia imekatwa vidato kwenye udongo mwekundu
na mvua ya juzi imevilainisha,
hata Zuwena akavua viatu vyake vya arusini
akapanda pekupeku, pochi kwapani.
Langoni dirisha, dirishani stakabadhi:
elfu tatu kila mtu mzima.
Mama akatutazama mmoja mmoja.
"Nilipe elfu tatu ninuse mchaichai?
Kwangu umeota nyuma ya pipa."
Shaame akalipa, uso kaupa pembeni.

Mtembezaji wetu Faki, kijana wa fulana ya kijani,
sauti kaikariri pamoja na maneno.
Akafikicha jani, akampa Nassir: "Hii nini?"
"Dawa ya mbu."
Tukacheka, Faki naye,
ingawa jibu lake lilikuwa mdalasini.

Tukazidi kupanda.
Iliki inazaa chini kabisa, kwenye shina,
kama mtu afichaye akiba chini ya godoro.
Pilipili manga imemparamia mfenesi bila haya.
Kila mti na kibao, kila kibao majina mawili,
moja letu, moja geni lenye mkia mrefu.
Mama hatazami miti.
Anatazama wingu upande wa kusini,
dogo, rangi ya maji ya mchele,
na midomo yake inahesabu pishi zilizoko nje.

Kisha, konani, vidato vinapokatika,
akasimama.
Pua ilijua kabla ya macho.
Akauachia mkono wa Raya.
Mti si mrefu, majani ya kawaida tu,
na ua moja la manjano iliyofifia, limeinama
kama linatafuta sindano mchangani.
Kibao kilisema: Mlangilangi.

"Huu mkilua."
Faki akakitazama kibao, akamtazama Mama,
akasema kibao kimeletwa kutoka ofisini.
"Na miye nimeletwa na nani?"

Ndipo akatwambia, pasi kututazama,
kuwa bibi yetu alilea watoto watano
kwa vikuba vya kilua, senti kwa senti,
na mchumaji alfajiri alikuwa yeye.
Kuwa siku ya harusi yake alikikataa kilua,
alitaka manukato ya dukani, ya chupa.
Bibi hakusema kitu.
"Hakusema kitu," akarudia.
"Alikifunga vilevile. Kikanyaukia dirishani."

Akatoa kalamu ya wanja mkobani.
Akakifuta kibao kwa ncha ya mtandio,
akaandika juu ya jina lile, kwa herufi za chuoni,
mkono wake ukitoka kulia kwenda kushoto.
Shaame akajifanya anafunga kamba za viatu.
Raya akasogea, akaanza kuendeleza:
"Mimu... kafu... lamu..."
Tone la kwanza likaangukia kwenye wau.

"Ni marufuku kuchuma," Faki akasema,
kisha akatupa mgongo, muda mrefu,
daftari lake la stakabadhi
kalishika juu ya kibao kama mwavuli.

Tukateremka mbio, Mama mbele,
buibui kalikunja, akiziita karafuu zake.
Mara mbili aliteleza, mara mbili akatukatalia mkono.

Nyumbani tukakuta zimeanuliwa,
zetu na za Bi Riziki, jamvi moja,
hazijulikani zipi za nani,
na Bi Riziki amekaa kando yake, amerowa chepechepe.
Akanusa. Akanusa tena.
"Wanukia nini leo?"
"Elfu tatu," Mama akasema,
akachukua pishi, akaanza kupima.
La kwanza akammiminia Bi Riziki.